Pleya imegoma: jinsi ya kusoma dalili zake

Pleya ya mwisho kuletwa kwangu, hizi ndogo za mfukoni za muziki na video, ilifika ndani ya mfuko wa plastiki, imezungushiwa waya wa hedifoni zake shingoni. "Hii imekufa," mwenyewe akasema. Nikaigeuza ubavuni, nikarudisha nyuma kitufe kidogo kilichoandikwa HOLD, nikabonyeza cha kuwasha. Ikawaka. Kazi ya kitufe hicho ni kufunga vitufe vingine visijibonyeze mfukoni, na humohumo mfukoni ndimo kinamojisogeza chenyewe. Basi kabla hujashika bisibisi, kiangalie.

Mengine yote yanafuata swali moja: tatizo limekaa wapi? Sauti mpaka ifike sikioni imepita vituo vitano: faili, kadi au memori ya ndani, mashine yenyewe, tundu na waya, kisha hedifoni. Badilisha kituo kimoja, sikiliza, kirudishe, ndipo uguse kingine. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo hajui ni kipi kilichomsaidia, na tatizo likirudi wiki ijayo anaanza upya. Katika niliyoyaona, mashine yenyewe ndiyo yenye kosa mara chache kuliko vyote. Watu wengi wamenunua pleya nyingine wakati walichohitaji ni waya.

Haiwaki, au inawaka halafu inaganda

Pleya ni kompyuta ndogo, na kompyuta hukwama. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 hadi 20 bila kuachia. Baadhi zina tundu dogo la RESET: chukua ncha ya klipu ya karatasi, sukuma taratibu mpaka uhisi kitu kinabonyea. Hakikisha tu kwamba hilo ni tundu la RESET kweli, maana la maikrofoni hufanana nalo na halipendi kuchokonolewa. Kuriseti kwa njia hii hakufuti nyimbo.

Ikiwaka ikaishia kwenye nembo, au ikaganda kila inapoandaa orodha ya nyimbo, chomoa kadi uiwashe bila kadi. Ikiwaka vizuri, mashine ni nzima. Kuna faili bovu kwenye kadi, na pleya inajikwaa hapohapo kila ikijaribu kulisoma. Kulipata faili hilo si kazi ya kukagua moja baada ya jingine. Hamisha nusu ya nyimbo uziweke kwenye kompyuta, jaribu; bado inaganda, basi bovu limo katika nusu iliyobaki; gawanya tena. Nyimbo 1,000 zinakwisha kwa majaribio kumi tu.

Na kuna kuganda ambako huna la kufanya ila kusubiri. Tarehe 31 Desemba 2008, pleya za Zune za GB 30, zilizokuwa za kampuni ya Microsoft, ziliganda kwa pamoja. Vipuri vyake havikuwa na kasoro hata kimoja. Mwaka ule ulikuwa mrefu, wenye siku 366, na programu ya saa ilipofika siku ya 366 ikawa inazunguka palepale bila kupata mlango wa kutokea. Microsoft wakawaambia wenye nazo waache betri iishe kabisa, kisha waziwashe siku ya pili yake baada ya saa sita mchana kwa saa za GMT. Zikawaka. Huwa nakikumbuka kisa hiki kila nikimwona mtu anafungua pleya iliyoganda kabla ya kuuliza kama programu yake ina toleo jipya.

Pleya iliyolala kabatini miezi mingi ina hadithi yake. Betri ya lithiamu hukaa kwenye volti 3.7 hivi, ikijaa inafika 4.2, na ikishuka hadi karibu na 3 saketi ya ulinzi huikata kabisa. Ukiichomeka kwenye chaji, hulishwa kwanza kwa umeme kidogo mno, na skrini haionyeshi chochote. Mwenye haraka anachomoa baada ya dakika tano akisema haipokei. Iache saa nzima ndipo uhukumu.

Haipokei chaji

Anza na uchafu. Vumbi la mfukoni hushindiliwa na plagi kila siku mpaka linakuwa kama kizibo chini ya tundu, na plagi haifiki mwisho. Zima pleya, chukua kijiti cha meno cha mti, si sindano, ukwangue polepole. Utashangazwa na kinachotoka.

Halafu kuna hili la USB-C ambalo limewapotezea watu muda mwingi. Pleya inachaji kwa waya mmoja, kwa mwingine haichaji, na nyaya zote mbili ni nzima. Tazama ncha ya upande wa chaja. Chaja yenye tundu la USB-C haitoi umeme mpaka ihakikishe kwamba upande wa pili kuna kifaa, na kifaa hujitambulisha kwa vikinza viwili vya kiloohm 5.1 vilivyo nyuma ya tundu lake. Watengenezaji wa pleya za bei rahisi mara nyingi huviacha. Chaja ikipiga hodi haijibiwi, inabaki kimya. Chaja ya zamani yenye tundu pana la mstatili haibishi hodi, inatoa volti 5 muda wote. Kwa hiyo tumia waya wenye ncha pana upande mmoja na USB-C upande wa pili, mambo yaishe. Si ubovu wa kurekebishwa, ni ubahili wa kiwandani.

Inachaji, lakini kompyuta haiioni

Waya tena. Kuna nyaya zenye njia za umeme peke yake, hazina za data, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Jaribu waya ambao umewahi kuhamishia mafaili. Ukishindwa, ingia kwenye mipangilio ya pleya utafute namna ya kuunganisha USB: MTP au MSC. Windows inaelewana na zote mbili. Mac haifungui MTP bila programu ya ziada, lakini MSC huiona kama flashi ya kawaida. Ukiwa kwenye MSC, itoe kwa amri ya kompyuta kabla ya kuichomoa. Nusu ya majina ya ajabu ajabu yanayotokea kwenye folda yametokana na kuchomoa kwa pupa wakati bado inaandikwa.

Ala zinasikika, mwimbaji ametoweka

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa anayekutana nayo mara ya kwanza hudhani wimbo umeharibiwa. Gitaa lipo, mwangwi upo, sauti ya mwimbaji inasikika kwa mbali kama yuko chini ya maji, au haipo kabisa.

Plagi ya kawaida ya hedifoni ina sehemu tatu: njia ya kushoto, njia ya kulia, na njia ya marejeo ambayo pande zote mbili huitumia. Hiyo ya tatu ikikatika, umeme hauna pa kurudia ila kupitia spika ya upande wa pili. Kinachosikika sasa ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida hurekodiwa sawasawa pande zote, na sawa ukiitoa kwenye sawa kinabaki sifuri. Vyombo vilivyowekwa zaidi upande mmoja ndivyo vinavyosalia.

Sukuma plagi mpaka ilie "tik". Kama pleya imevaa kava nene, livue kwanza. Kava nyingi huzuia plagi nene isifike mwisho, na milimita moja inatosha kuleta kisa chote hiki. Ikiwa hedifoni zako zina maikrofoni, plagi yake ina sehemu nne, na baadhi ya matundu hayapatani nayo. Jaribio la sekunde mbili: cheza wimbo, bonyeza na ushikilie kitufe cha kupokelea simu kilicho kwenye waya. Mwimbaji akirudi ukiwa umekishikilia na akatoweka ukikiachia, umepata jibu. Kitufe hicho kimeunganisha njia ya maikrofoni na ile ya marejeo. Hakuna kilichoharibika. Tafuta kiunganishi kinachogeuza mpangilio wa njia hizo, au hedifoni zisizo na maikrofoni.

Upande mmoja kuwa kimya ni jambo jepesi zaidi. Angalia mizani ya kushoto na kulia kwenye mipangilio, kisha zungusha plagi taratibu ndani ya tundu huku wimbo ukicheza. Sauti ikija na kuondoka, peleka hedifoni hizohizo kwenye kifaa kingine. Tatizo likihama nazo, waya umekatika ndani, mara nyingi palepale unapoingia kwenye plagi. Likibaki, tundu la pleya limelegea, na hapo ndipo fundi mwenye mkono wa kuchomelea anahitajika.

Sauti ndogo, au inakwaruza

Sauti ikiwa ndogo kwa nyimbo zote, tafuta kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Pleya zinazouzwa Ulaya huwekewa kikomo kinachoanzia desibeli (dB) 85, na nyingine hutoka kiwandani na kikomo hicho hata kama zitauzwa kwingine. Sikwambii usikiondoe, ila Shirika la Afya Duniani linahesabu dB 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ndicho kiasi salama kwa mtu mzima, na kadiri unavyopanda ndivyo saa zinavyopungua haraka.

Kama kikomo hakipo, geukia hedifoni. Hedifoni ndogo za mfukoni huwa na ukinzani wa ohm 16 hadi 32. Zile kubwa za studio zenye ohm 250 au 300 zinataka volti ambazo pleya nyingi hazina. Utaongeza sauti mpaka mwisho, muziki utasikika mwembamba, na hakuna kilichoharibika hapo pia. Kinyume chake, hedifoni zinazoitika kwa umeme kidogo mno, zenye ohm chache, hukusikilizisha mvumo wa pleya yenyewe kama hewa inayovuja, hata wimbo ukiwa umesimama.

Kukwaruza kwenye besi, tisa kwa kumi, ni ekwalaiza, ile mipangilio ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyingine. Wimbo wa kisasa umerekodiwa ukiwa umegusa dari tayari. Ukiongeza besi kwa dB 6, vilele vya mawimbi vinakatwa, na kukatwa huko ndiko mkwaruzo. Kupunguza sauti kwa kitufe cha nje hakusaidii sana kama wimbi limeshakatwa ndani. Zima ekwalaiza usikilize. Kama unaitaka lazima, usipandishe besi: shusha vingine vyote. Masikio yatasikia kilekile.

Nyimbo zinakatika, nyingine zimegeuka kelele

Ikiwa ni wimbo mmoja, unakili upya. Ikiwa nyimbo za zamani ziko salama na mpya zote ni mbovu, naitilia shaka kadi. Kadi bandia ni nyingi: ndani ina GB 8, juu imeandikwa 128, na programu yake imefundishwa kusema uongo. Unaijaza, kompyuta haipigi kelele, lakini baada ya GB 8 za kweli kila kinachoandikwa ama kinapotea ama kinafunika cha kwanza. Majina ya mafaili yanaonekana yote, ndani hayana kitu. Kuna programu za kuipima, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, ambazo huijaza kadi yote kisha zikasoma kilichoandikwa. Inachukua saa kadhaa. Ifanye siku unayoinunua kadi, si siku ulipoijaza.

Kadi halisi nayo inaweza kukataliwa. Kadi mpaka GB 32 huja na mfumo wa kupangia mafaili uitwao FAT32, na pleya karibu zote huisoma. Zaidi ya hapo huja na exFAT, ambayo pleya nyingi za zamani hazijui. Kuna pleya zinazoandikwa "mwisho GB 32" zinazofanya kazi vizuri na GB 64 iliyofomatiwa kwa FAT32, ila haina ahadi. Jaribu kwa kadi uliyonayo, na ukumbuke kufomati kunafuta kila kitu. FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, jambo linalowakuta wenye filamu ndefu.

Ukiona kila wimbo umejirudia mara mbili, na nakala ya pili inaanza kwa "._" na haichezi, nyimbo zilinakiliwa na Mac. Hayo ni mafaili madogo ya kumbukumbu ambayo Mac huyaacha kwenye kadi ya FAT, yafute bila wasiwasi. Na ukifuta GB nzima ya nyimbo nafasi isirudi, onyesha mafaili yaliyofichwa: kikapu cha taka kimebaki kwenye kadi ileile, kimejaa.

Mpangilio mbaya wa nyimbo una sababu mbili. Pleya za kawaida hazipangi kwa jina, zinafuata mfuatano ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Kwa hizo, nakili nyimbo kwa zamu, au tumia programu ya kupanga upya orodha ya FAT. Pleya za juu zaidi zinasoma lebo zilizo ndani ya faili. Lebo za kwanza za MP3, ID3v1, zina nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, ndiyo maana majina marefu yanakatwa katikati. Programu ya Mp3tag inazirekebisha kwa wingi. Jalada la albamu likikataa kuonekana, huenda ni JPEG ya aina inayojichora kwa awamu; ihifadhi upya ikiwa ya kawaida na ndogo.

Video: sauti ipo, picha hakuna

Jina la faili likiishia na MP4 au AVI, hilo ni kasha tu. Ndani yake kuna picha zilizobanwa kwa kodeki mojawapo, yaani njia ya kubana na kufumbua video, na pleya inaweza kulifungua kasha bila kuijua lugha ya kilichomo. Hapo unapata sauti na giza, au neno la kukataa faili. Pleya inayojua kodeki ya H.264 tu haiwezi kucheza H.265, na wala kuongeza memori hakutaifundisha.

Hata kodeki ikiwa sahihi, kuna ukubwa. iPod ya video ya mwaka 2005 ilipokea H.264 ya ngazi ya chini kabisa, pikseli 320 kwa 240, kilobiti 768 kwa sekunde. Pleya ndogo za kawaida nyingi ziko hapohapo, na nyingine hazijui chochote ila AMV, aina ya video iliyobuniwa kwa chipu dhaifu, ambayo unaitengeneza kwa programu iliyokuja na pleya au kwa programu ya FFmpeg.

Video ikiwa inastaki, watu hukimbilia kununua kadi yenye kasi. Fanya hesabu kwanza. Kilobiti 768 ni kilobaiti 96 kwa sekunde. Kadi ya daraja la 10 inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 10 kwa sekunde, na kusoma kwa kawaida ni haraka zaidi. Hiyo ni zaidi ya mara mia ya kinachohitajika. Kinachoelemewa ni chipu inayofumbua picha. Punguza pikseli zifanane na skrini, punguza picha kwa sekunde ziwe 30 au chini, chagua ngazi ya Baseline kwenye HandBrake, programu ya kubadilishia video. Video itakuwa ndogo, na kwenye skrini ya inchi mbili macho hayataona hasara.

Midomo ikipishana na maneno, uliza kama pengo linakua. Likiwa lilelile kuanzia mwanzo hadi mwisho na unatumia hedifoni za Bluetooth, ni ucheleweshaji wa Bluetooth. Chomeka za waya litoweke. Likianza na sifuri likafika sekunde mbili mwisho wa filamu, faili lilirekodiwa kwa mwendo wa picha usiolingana. Libadilishe upya, safari hii ukilazimisha mwendo mmoja.

Bluetooth inakatika ukitembea

Mawimbi yake ni ya gigahezi 2.4, na maji huyameza. Mwili wako ni maji. Pleya ikiwa mfuko wa nyuma kushoto na kipokezi cha hedifoni kikiwa sikio la kulia, umesimama katikati yao wewe mwenyewe. Hamisha pleya upande wa kipokezi, au mfuko wa kifuani, kabla hujalaumu chochote.

Betri haimalizi siku

Saa zilizoandikwa kwenye kasha zimepimwa skrini ikiwa imezimwa, sauti ya wastani, nyimbo za MP3, bila Bluetooth. Pima vivyo hivyo ndipo ulinganishe. Faili lisilobanwa la biti 24 na kilohezi 192 hubeba data kama mara 70 ya MP3 ya kilobiti 128, na pleya huilipia kwa betri. Skrini inakula kuliko vyote, hasa kwenye video.

Pleya ya zamani yenye diski ya kuzunguka, kama zile za inchi 1.8, husoma nyimbo kadhaa kwa mkupuo, huziweka kwenye memori, kisha diski inalala. Ukirukaruka nyimbo kila nusu dakika unaiamsha kila mara, na chaji inaisha mapema. Ikianza kulia "tik, tik" isiyokoma, nakili nyimbo zako usiku huohuo.

Betri iliyochoka kwa umri hupungua polepole, mwaka hadi mwaka. Inayoshuka kutoka asilimia 40 hadi kuzima ghafla nayo imechoka. Ukiihifadhi pleya muda mrefu, iache na chaji ya nusu, mahali pasipo joto. Na ukiona skrini inajiinua pembeni, au mgongo haukai sawa mezani, betri imevimba. Usiichaji tena, usiikandamize irudi, usiitoboe kutoa hewa. Zima pleya, iweke juu ya kitu kisichoshika moto, na uipeleke wanakopokea betri chakavu.